Mlingoti wa stoo, Moshi: shajara ya mradi, 2025

11 Januari 2025: Tunaanza

Tuko watatu: mimi, shoga yangu ambaye ni fundi cherehani, na jirani yetu muuguzi. Mimi nilionja dansi ya mlingoti, ile ya kupanda na kuzunguka kwenye bomba la chuma lililosimama, kwa miezi minne nilipokuwa Nairobi kwa mafunzo ya kazi. Wenzangu wameiona kwenye simu tu. Hapa Moshi sijapata mahali pa kuifanyia na moyo haujaacha kuitaka, kwa hiyo tumeamua kusimamisha mlingoti wetu wenyewe kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba ninayopanga, Rau. Mwenye nyumba ni mzee mpole. Nilimweleza bila kuficha ni mazoezi ya namna gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, ila siku ukihama nataka kuikuta sakafu yangu."

Naandika kwa sababu nilitafuta maelezo ya mtu aliyefanya jambo hili kwa mafundi wa mtaani na bei za kwetu, sikuyapata. Nitaongeza kila hatua ikikamilika. Hatutaki mashindano wala jukwaa. Tunataka miili yenye nguvu, inayopinda bila kulia.

Hali ya kuanzia, upande wangu: miaka 34, kazi ya hesabu, kiti saa nane kwa siku. Msamba wa mbele, mguu wa kulia ukitangulia, nyonga zimebaki sentimita 31 juu ya sakafu. Mguu wa kushoto ukitangulia, 34. Shoga yangu alipima kwa futi yake ya kushonea. Kuning'inia kwa mikono miwili: sekunde 19.

25 Januari: Bomba la kwanza limekataa

Milingoti ya nyumbani inayouzwa tayari hukazwa kati ya sakafu na dari bila kutoboa chochote, lakini inataka dari la zege au boriti nene. Dari zetu nyingi ni silingi bodi juu ya mbao za mbili kwa mbili. Ukikaza hapo, unainua bodi. Kwa hiyo tulijua tangu mwanzo kwamba wetu utafungwa kwa bolti.

Kosa limegharimu shilingi 78,000. Mlingoti wa mashindano una kipenyo cha milimita 45. Nikajiambia inchi moja na nusu ni milimita 38, mikono yetu ni midogo, itatufaa. Dukani nikaomba bomba la inchi moja na nusu, nikapewa la maji, lile lililopakwa zinki. Nyumbani nikapima: 48. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyenifumbua macho. Bomba la maji huitwa kwa kadirio la tundu lake la ndani, unene wa chuma unakuja juu yake; bomba la reli za ngazi huitwa kwa kipimo cha nje. Inchi moja na nusu ya maji ni milimita 48.3 kwa nje, ya ngazi ni 38.1. Jina moja, vitu viwili. Nenda dukani na rula.

Kipenyo tungekivumilia. Kilichotushinda ni uso wa bomba lenyewe. Zinki inaacha unga wa kijivu viganjani, na kuna mshono wa kiwandani unaopita urefu wote. Shoga yangu alilibana kwa mapaja likiwa limeegemezwa ukutani, akashuka na mstari mwekundu kama uliochorwa kwa ukucha. Katika mchezo huu ngozi ndiyo breki. Kaptula fupi zinavaliwa kwa sababu hiyo: kitambaa kinateleza kwenye chuma, ngozi inashika. Zetu tulizipata kwenye mitumba ya Memorial, 2,000 kila moja, na kwenda na kurudi stoo tunajifunga khanga.

Bomba halikupotea lote. Fundi alikata mita moja na robo, akaifunga kati ya kuta mbili ndani ya stoo. Hapo tunaning'inia kila siku huku tukisubiri mlingoti.

8 Februari: Bomba ndani ya bomba

Bomba la ngazi, stenlesi ya milimita 38 yenye ukuta wa milimita 1.5, lina uso mzuri sana. Lakini tulipoliegemeza na mimi nikajitupa upande mmoja, likapinda kama upinde. Nilitaka kukata tamaa. Fundi akaligonga kwa spana, likalia kama kengele. Akasema, "Dada, hili ni tupu. Tulijaze." Akaleta bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje lina milimita 33 na kitu, akaliingiza ndani. Lilicheza kidogo, kama milimita moja na ushee. Akalitoa, akaweka matone ya kuchomelea sehemu tano za urefu wake, akayasugua kwa tupa moja moja hadi likaingia kwa kubanwa, kwa kugongwa na kipande cha mbao. Akaligonga tena kwa spana: du. Sauti ikafa papo hapo. Nikajua tumepata.

Jambo moja kwa atakayenakili: moshi wa zinki ikichomwa una sumu, jioni yake mtu hupata homa na kutetemeka. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanaukata. Wetu alikunywa maziwa yake, lakini pia, kwa kuombwa, alisugua zinki sehemu alizochomelea na akafanyia kazi nje, akisimama upande unakotoka upepo. Hilo la pili ndilo ninaloliamini.

Chini: shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 50, zege, bolti nne na pleti. Juu: engo nzito iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, imefungwa kwenye linta, si kwenye kenchi za paa. Gharama za chuma na ujenzi: stenlesi 92,000, bomba la inchi moja 52,000, engo, pleti na bolti 46,000, saruji, kokoto na mchanga 30,000, fundi 60,000. Ukijumlisha na bomba lililokataa ni 358,000. Zege tunaliacha wiki mbili bila kuligusa.

22 Februari: Tumepanda, tumeteleza

Kabla ya kupanda tulifunga gunia la mahindi la kilo 100 kwa kamba, likaning'inia usiku kucha. Hakuna kilichosogea.

Mtu mzima akianguka kwenye saruji, mradi umekwisha, kwa hiyo tulinunua godoro la inchi 6 (95,000), na shoga yangu akalishonea gamba la turubai lenye mpasuo katikati ili lizunguke mlingoti (35,000 kwa turubai na zipu). Kazi yake ni nzuri kuliko kitu chochote kilichomo stoo.

Joto la Februari limetufundisha. Mji umejaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon na jua linawaka hadi jioni. Viganja vinatoka jasho, unashuka kama ndoo kisimani. Tulijaribu poda ya mtoto. Usijaribu. Poda inalainisha, na ilitubidi tufute mlingoti mara tatu. Kisha nikanunua spiriti ya duka la dawa ya kufutia, na mlingoti ukazidi kuteleza. Muuguzi akageuza chupa, akasoma: ina mafuta ya nyonyo. Mafuta hayo ni ya kulainisha ngozi. Tunayoitaka ni ile kavu ya asilimia 70 isiyo na mafuta wala manukato, 4,000 kwa chupa. Tunafuta chuma na viganja kabla ya kila zamu. Tumeagiza pia magnesi ya unga kutoka Nairobi, ile wanayotumia wanasarakasi na wanaopanda miamba. Imefika na basi, 25,000 pamoja na nauli ya mzigo. Inakausha jasho kweli, ila kidogo tu, ncha ya kidole inatosha.

Ratiba: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, dakika 75. Kupasha mwili moto, kupanda na kushuka, nguvu, mwisho kunyoosha. Kunyoosha kwa muda mrefu kabla ya kupanda tumekuacha, kwa sababu misuli iliyonyooshwa sana inalegea kwa muda na mkono unakosa nguvu pale unapouhitaji.

16 Machi: Nimeumia

Nitalieleza hili lote, maana ndilo lililonifundisha.

Kufikia Machi msamba wangu wa kulia ulikuwa umeshuka hadi sentimita 22. Nilifurahi nikaanza kuongeza siku: Jumatano, Ijumaa, Jumapili, hata asubuhi kabla ya kazi. Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, stoo ina unyevu, mimi sijapasha mwili. Nikaingia kwenye msamba, nikamwambia shoga yangu, "Nikandamize mabegani, nipe sentimita mbili tu." Akanikandamiza. Nikasikia kitu kimekatika chini ya tako la kulia, pale mfupa wa kukalia unapogusa kiti, kama uzi wa nailoni ukivutwa ukaachia. Maumivu hayakuwa makali. Hilo ndilo lililonidanganya.

Hakukuwa na kosa la shoga yangu. Niliomba mwenyewe. Kanuni yetu kuanzia leo: hakuna anayemkandamiza mwenzake.

6 Aprili: Nimeongeza kosa juu ya kosa

Wiki tatu zimepita na nimefanya kila kisichofaa. Nilidhani msuli umekaza, nikaunyoosha asubuhi na jioni. Nilikwenda kwa mama mmoja anayechua, mara mbili, 10,000 kila mara. Mikono yake ina nguvu na nia yake ilikuwa njema, lakini alichua palepale penye jeraha, na usiku wake sikulala. Sasa siwezi kukaa ofisini zaidi ya dakika ishirini. Ndani ya daladala nakaa tako moja.

Jana nimekwenda fiziotherapia, 15,000. Mtaalamu alibonyeza sehemu moja kwa kidole gumba nikaruka. Akanieleza taratibu: msuli wa nyuma ya paja haujakaza, kano yake ndiyo imeelemewa, pale inaposhikamana na mfupa wa kukalia. Ninapoinama kunyoosha, kano inabanwa kwenye mfupa huo huo. Yaani dawa niliyokuwa najipa kila siku ndiyo iliyokuwa ikiuchokonoa ugonjwa. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo hupona polepole, kwa miezi. Na haiponi kwa kupumzishwa tu. Inahitaji kubebeshwa mzigo kidogo kidogo.

Nilitoka pale nikalia barabarani, kwa kuona nilivyoutendea mwili wangu.

17 Mei: Ndoo

Hiki ndicho nilichopewa. Hatua ya kwanza, wiki nne: nalala chali, magoti yamepinda, nainua nyonga na kushikilia sekunde 40, mara tano, kila siku. Kushikilia tu, bila kupanda na kushuka. Maumivu yakibaki madogo na yakatulia kufikia asubuhi, naendelea; yakiamka zaidi, napunguza.

Hatua ya pili, niliyoianza juzi, ni ndoo ya lita 20. Ikijaa ni kilo 20 na ushee, maji pamoja na ndoo yenyewe, na kila nyumba inayo. Nilianza na robo ndoo. Nasimama, miguu upana wa nyonga, magoti yamelegea kidogo, narudisha nyonga nyuma mgongo ukiwa umenyooka, kama mama zetu wanavyoinama shambani kwa kukunja kiuno na si uti wa mgongo, naishika ndoo, nainuka taratibu. Nahesabu tatu kushuka, tatu kupanda. Mara nane, mizunguko mitatu. Maji yakitikisika nimeharakisha. Hakuna kocha anayenisahihisha vizuri kama yale maji.

Mlingoti sikuuacha. Nafanya yote yasiyokunja nyonga sana: kuning'inia, kupanda, mzunguko wa zimamoto (kuzunguka ukishuka, miguu imeubana mlingoti). Kuning'inia pia kulikuwa na kosa, mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Sasa kabla miguu haijatoka chini tunavuta mabapa ya mabega kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali, ndipo tunajiachia. Nimefika sekunde 41.

Muuguzi naye alikuwa na lake. Akinyoosha mguu alihisi umeme nyuma ya goti hadi kwenye vidole. Huo si msuli, ni mshipa wa fahamu unaovutwa, na mshipa hautaki kushikiliwa hivyo. Alilegeza unyayo, akapinda goti kidogo, umeme ukaisha na sasa anausikia msuli wenyewe katikati ya paja.

5 Julai: Baridi

Moshi ya Julai si ile ya Februari. Chuma ni baridi kama kimetoka kisimani, ngozi imekauka, na tatizo limegeuka: sasa hakuna jasho la kutosha. Magnesi tumeiweka kabatini. Tunafunga mlingoti kwa taulo lililochovywa maji ya moto, tunaukausha, tunapanda kabla haujapoa. Kupasha mwili kumekua kutoka dakika kumi hadi ishirini na tano: kamba, kichura, kuzungusha nyonga, na kikombe cha chai ya tangawizi mikononi.

Na mafuta. Sisi ni watu wa kujipaka, tena msimu huu ngozi inapauka ukikosa siku moja. Lakini mafuta ya asubuhi bado yapo mapajani saa kumi na mbili jioni. Jumanne shoga yangu aliteleza kutoka juu hadi godoroni. Sasa siku ya mazoezi tunapaka uso na mikono ya mbele tu asubuhi, na usiku baada ya kuoga tunajipaka kwa wingi, hasa nyuma ya magoti na ndani ya mapaja ambako ngozi inachubuka. Pale palipochubuka kabisa hatupandii hadi pafunge.

Michubuko ya bluu imekuwa mingi kuliko nilivyotarajia. Siku ya kwanza tunaweka baridi: barafu za ubuyu zile ndefu za watoto, unaviringisha ndani ya khanga, unabana nyuma ya goti dakika kumi. Zinakaa pale kama zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Hatuchui michubuko mipya.

Tulikuwa pia tunakuja na njaa. Chai ya saa nne, wali wa mchana kidogo, halafu kupinduka kichwa chini. Muuguzi aliona giza mara mbili. Sasa saa kumi kila mtu anakula ndizi mbivu mbili na ngumi ya karanga, na usiku mtori wenye nyama, au maharage na mayai. Kila wiki ya nne tunapunguza kazi kwa nusu. Wiki hiyo iliniudhi mwanzoni. Siku hizi naiandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

30 Agosti: Msamba unarudi, kwa njia nyingine

Wiki ya kwanza ya Agosti mtaalamu aliniruhusu kunyoosha tena (ziara ya tatu, jumla 45,000). Nilipima kwanza: kulia 25, kushoto 29. Nilitegemea pabaya zaidi. Ndoo sasa inajaa.

Kisha shoga yangu aliona jambo. Nilikuwa nimejifunga khanga kiunoni, pindo likiwa sawasawa na nyonga, naingia kwenye msamba mbele ya kioo. Akasema, "Mwangalie mwenyewe, pindo limekwenda upande." Ni kweli. Upande wa mguu wa nyuma ulikuwa umefunguka nje na kupanda juu. Zile sentimita 22 za Machi hazikuwa msamba, zilikuwa kiuno kilichojipinda. Kumbe anayekaa kwenye kiti kutwa hukaza mbele ya nyonga ya mguu wa nyuma, na mimi nilikuwa nikiivuta kano ya mguu wa mbele ilipe deni la mwenzake.

Sasa pindo la khanga ndilo pima-maji letu. Tunashuka hadi pale pindo linapoanza kupinda, tunasimama hapo. Mikono juu ya matofali mawili, hakuna kuning'iniza uzito. Nasukuma miguu sakafuni kama nataka kuukunja mkeka katikati yake, nusu ya nguvu, sekunde sita. Nalegeza, napumua nje, nashuka kinachokubali. Sekunde thelathini, mara tatu. Halafu sehemu ninayoiona ya thamani kuliko zote: nainua mikono kutoka kwenye matofali na kushikilia kwa miguu peke yake, pumzi tatu. Kama siwezi kushikilia, nimeshuka mno, napanda sentimita moja. Mara mbili kwa wiki, baada ya mlingoti, mwili ukiwa moto.

Kwa nguvu za nyonga tunatumia vipande vya tyubu, mipira ile ya kufungia mizigo ya bodaboda. Pamoja na kamba ya kuruka, 5,000.

27 Septemba: Tulipofika

Kulia 17, kushoto 21, pindo likiwa limenyooka. Kuning'inia sekunde 58. Nakaa ofisini asubuhi nzima bila kuhisi chochote; siku nikikaa zaidi ya saa tatu bila kuinuka, mfupa wa kulia unanikumbusha.

Alhamisi muuguzi alipinduka kwa mara ya kwanza bila kurusha miguu. Alikaza tumbo, akainua magoti polepole, nyonga zikapanda juu ya kichwa, mapaja yakashika chuma moja baada ya jingine. Stoo ilikuwa kimya, tukasikia ngozi yake ikishika. Alikaa juu pumzi nne, akashuka vilevile alivyopanda. Shoga yangu alishangilia hadi mwenye nyumba akaja mlangoni kuuliza kuna usalama. Tukamwambia upo, mzee. Akaangalia zege lake, akaangalia bolti, akaondoka.

Hesabu hadi leo: mlingoti 358,000, godoro na gamba 130,000, spiriti chupa sita, magnesi, kamba na tyubu 54,000, kuchuliwa na fiziotherapia 65,000. Jumla 607,000, kama 202,000 kila mmoja, bila kaptula. Imebaki stenlesi mita tatu na bomba la ndani lake, na wanawake wawili wa Kiboriloni wameshauliza.

Kilichobaki mezani: kiwiko changu cha kulia kinauma upande wa ndani nikishika sana, kwa hiyo wiki mbili zijazo ni miguu na mgongo tu, na kila tutakachofanya kinaanza na upande wa kushoto. Mlingoti utafungwa upya bolti za juu Jumamosi; fundi anakuja saa tatu asubuhi.